Kigari cha Obwato

Navnit aliyapanga magurudumu juu ya kaunta kuanzia dogo hadi kubwa, na lile la baiskeli akaliegemeza ukutani kwa sababu kaunta haikulitosha. Rosalina aliyatazama moja baada ya jingine. Hakugusa lolote.

"Mwalimu," Navnit akasema, "nauza spea hapa Bukoba tangu marehemu baba aniachie duka. Watu huja, husema nipe tairi, hupewa, huenda. Wewe unachagua tairi au mchumba?"

"Mchumba akinishinda nitarudi kwetu. Hili likinishinda sina pa kurudi."

Navnit alianza kucheka, kisha akakumbuka na kunyamaza. Mji mzima ulikuwa umeshasikia.

"Haya, niambie tena. Mzigo gani?"

"Kayaki. Ya plastiki, ya mtu mmoja. Kilo ishirini na nane, na urefu wake unazidi kaunta yako."

"Barabara?"

"Ndiyo taabu yenyewe. Changarawe, kisha mchanga, kisha njia ya migombani, kisha mwamba. Na nitaivuta peke yangu."

Navnit akasukuma mbele yale madogo ya plastiki ngumu, yaliyotoka kwenye sanduku la safari. Rosalina akatikisa kichwa. Hayo yalifaa sakafu ya saruji. Mchangani yangezama hadi kwenye ekseli. La baiskeli lilikuwa kubwa, na gurudumu kubwa hupanda jiwe ambalo dogo hulikwamia, lakini lilikuwa jembamba, na mwamba ukilipiga ubavuni ringi ingepinda. La pikipiki lilikuwa zito mno. Lile la toroli lenye mpira mgumu usiojazwa upepo halingetoboka kamwe, ila lingerusha mzigo kila likigonga jiwe. Mwishowe akaweka kiganja juu ya tairi la toroli lenye tyubu, nene, lenye meno.

"Mawili haya. Mchangani nitayapunguza upepo yatanuke. Nikifika penye njia ngumu nitayajaza."

"Yakitoboka?"

"Nina viraka."

"Yakipasuka, mwalimu? Kiraka hakishoni mpasuko."

Navnit aliinama chini ya kaunta, akatoa pampu ya mkono, akaiweka juu ya matairi. "Hii siuzi. Hii ni rambirambi."

"Rambirambi hupewa mfiwa, mzee Navnit."

"Na wewe ni nani?" Navnit akauliza kwa upole kabisa.

Rosalina aliichukua pampu. Alikuwa mwalimu wa fizikia. Hakuwa na desturi ya kubishana na kitu kinachohitajika.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumapili, Revocatus, kaka yake, aliondoka kisiwa cha Bumbire kwa mtumbwi wa injini uliojaa magunia ya dagaa aliyoyanunua. Walikuwa wawili ndani: yeye na Mayenga, Msukuma aliyeshika injini. Katikati ya maji upepo ukaugeuza mtumbwi. Mayenga aliokotwa kesho yake akiwa amelala juu ya tumbo la mtumbwi, na alichosema alikisema kwa kila aliyemuuliza bila kubadili neno: mara ya mwisho alimwona Revocatus akiwa amekumbatia dumu la manjano la mafuta ya kula, lililo tupu, akisukumwa kuelekea nchi kavu, upande wa Muleba. Boti za injini zilitafuta kwenye maji ya wazi, zikakosa, zikaacha. Ndani ya ghuba hazikuingia. Magugu maji yalikuwa yamezifunga ghuba zote za upande ule, na pangaboi likisokotwa na magugu, watafutaji nao hugeuka watafutwa.

Rosalina alikaa na picha ya setilaiti kwenye simu yake. Aliziona ghuba tatu zikiwa kijani kitupu, zimefuatana kama vidole. Akawaza kama anavyowafundisha wanafunzi wake kuwaza. Kinachoelea hufuata upepo. Magugu yanaelea, na mtu aliyekumbatia dumu anaelea. Upepo uliosukuma magugu ndio uliomsukuma Revocatus. Kwa hiyo mahali watu waliposhindwa kuingia ndipo mahali pa kutafuta. Kayaki ingepita juu ya magugu pale ambapo injini hukwama, lakini isingeweza kuzunguka kutoka ghuba hadi ghuba kwa maji, kwani kwenye ncha za miamba mawimbi yalikuwa makubwa. Ilibidi ivutwe nchi kavu, ghuba hadi ghuba. Kayaki alikuwa nayo. Ilikuwa ya Revocatus mwenyewe, aliyeinunua kutoka kambi moja ya wageni ilipofungwa, na ndiye aliyemfundisha kupiga kasia pale ufukweni Bukoba.

Aliwaeleza hayo nyumbani kwao Ijuganyondo, mbele ya ukoo. Baba mdogo Lwakatare alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mfa maji haachi kutapatapa. Na safari hii aliyekufa maji ni mmoja, anayetapatapa ni mwingine." Kikao kikaamua: Jumamosi watazika mgomba.

Katika ukoo wao, aliyepotelea ziwani huzikiwa mgomba. Hukatwa kigogo chenye urefu wake, huvishwa sanda, hulazwa kaburini pale kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, pamoja na babu zake. Na kaburi hilo likishafukiwa halifukuliwi. Aliyezikwa akionekana baadaye, atalala hukohuko alikoonekana, na mtu wa nyumbani haruhusiwi kumtafuta tena, kwa maana atakuwa anamtafuta mtu aliyekwisha kuzikwa. Rosalina hakuamini mizimu. Lakini alimjua mama yake Paskazia, na alijua kwamba udongo ukishawekwa juu ya ule mgomba, hakuna mtu katika nyumba ile atakayempokea Revocatus mlangoni. Siku iliyobaki ya kutafuta ilikuwa Ijumaa.

Ndiyo maana Alhamisi hiyo mchana aliyatuma matairi kwa bodaboda hadi kwa Gamaliel, fundi wa kuchomelea vyuma aliye jirani yake kule Hamugembe, na yeye mwenyewe akaenda kutafuta gari la kubeba kayaki. Alimpigia simu akiwa njiani. Mtandao ulikuwa unakatika. Alizungumza Kihaya, kama walivyozoea, akampa upana kati ya gurudumu na gurudumu kwa sentimita, akampa urefu wa mikono ya kushikia, akasema kiwe imara. "Nitengenezee kigari cha obwato," akamaliza, "na ni cha leo."

"Nimeelewa, waitu," Gamaliel akasema kwa heshima. "Naacha kazi zote."

Jioni alipofika karakana, Gamaliel alikuwa amekaa kando ya kazi yake akijifuta jasho, uso wake ukiwa na huzuni na fahari kwa pamoja. Alisimama. "Poleni na msiba, mwalimu. Sitaki hata shilingi."

Rosalina alikizunguka kile chombo. Kilikuwa kitanda kipana cha bati nene, kimezungushiwa kingo, kimekaa chini kabisa karibu na ardhi. Magurudumu yake yalikuwa ya chuma kitupu, membamba, yaliyotolewa kwenye mashine mbovu ya kusaga. Alijaribu kukiinua upande mmoja, akashindwa.

"Gamaliel, hiki ni nini?"

"Kigari cha obwato! Nilipoyaona matairi yako nikasema, mwalimu wetu amedanganywa dukani. Obwato ukijaa ndizi, na wanaume wawili wamo ndani wanakanyaga, tairi la upepo litakaa chini hapohapo. Nikafunga chuma. Mtautoa obwato kwa jirani, mtausukuma hadi kibanjani, na mtakamua papo hapo juu ya kigari bila kuushusha. Rubisi itatosha watu wote. Revo alikuwa mtu wa watu, waitu. Watajaa."

Rosalina akaketi juu ya ukingo wa bati.

Mhaya akisema obwato, anasema mtumbwi. Na akisema obwato, anasema lile gogo lililochongwa kama mtumbwi ambamo ndizi hukanyagwa ili kutoa pombe. Hakuna mtoto wa kule asiyejua maneno hayo mawili yanayokaa katika neno moja, na hakuna anayeyachanganya, kwa sababu shughuli yenyewe humwambia msikilizaji ni lipi. Nyumba yenye msiba, yenye maziko Jumamosi, inaagiza kigari cha obwato Alhamisi. Shughuli ilikuwa imemwambia Gamaliel kila kitu. Yeye, aliyetaja sentimita, hakutaja kitu chenyewe.

"Ni obwato wa ziwani," akasema. "Kayaki ya Revo. Naenda kumtafuta."

Gamaliel alivua miwani yake ya kuchomelea iliyokuwa juu ya paji la uso. "Lakini tumeambiwa mnazika."

"Wanazika. Mimi natafuta."

"Nikikate? Nikianze upya?" Alikuwa ameshanyanyua mkono kuelekea swichi, kisha mkono ukabaki hewani. Umeme ulikuwa umekatika muda mfupi baada ya yeye kumaliza. Walingoja. Ulipita muda wa kuchemsha chai, ukapita wa kuinywa, na taa ya karakana haikuwaka. Gari lingeondoka alfajiri.

"Nipe msumeno wa chuma," Rosalina akasema hatimaye, "na spana, na yale matairi yangu. Na unisaidie kukipakia hiki kitanda."

"Nisamehe, waitu."

"Hujakosea, Gamaliel. Umefanya kazi nzuri ya kitu kingine."

Gari likamshusha Ijumaa asubuhi kwenye mwalo mdogo wa wavuvi wa Rwazi, wilayani Muleba, pamoja na kayaki, kasia, jaketi la kuelea, kigari na gunia lenye zana, matairi, kamba na turubai. Mayenga alikuwa amekaa juu ya mtumbwi mmoja uliopinduliwa ufukweni, akimngoja, ingawa hakuna aliyemwita. Midomo yake ilikuwa bado imepasuka kwa jua la siku ile.

"Nimesikia dada wa Revo anakuja na ndege ya majini," akasema. "Nikasema nije nione." Kisha akakiona kigari. "Na hicho ni kitanda cha hospitali?"

"Ni cha pombe."

Mayenga akatazama kigari, akamtazama yeye. "Ninyi Wahaya! Nshomile kama wewe, na digrii yako, unakwenda kutafuta mtu na kitanda cha pombe?"

Rosalina akacheka. Kicheko kilimtoka kama chafya, bila yeye kukiruhusu, na kilipokoma wote wawili walitazama pembeni.

"Shika huku," akasema.

Kwenye barabara ya changarawe kigari kilikwenda vizuri, kwa kelele ya kuamsha wafu. Kiliposhuka mchangani magurudumu yale ya chuma yakaingia kama jembe, na kila walipokivuta yalichimba zaidi, hadi tumbo la bati likalala juu ya mchanga. Waliinua, wakasogeza hatua mbili, kikazama. Wakaishusha kayaki, wakaibeba mabegani, wakarudi kukikokota kigari kitupu. Walipofika ghuba ya kwanza jua lilikuwa limepanda juu ya ziwa, na Mayenga akaketi palepale mchangani. Mtu aliyelala usiku kucha juu ya mtumbwi uliopinduka hapati nguvu zake kwa siku chache.

Rosalina akaingia na kayaki peke yake. Magugu yalikuwa yameshikana kama mkeka, lakini kayaki ilikuwa nyepesi na tumbo lake pana, na kila mahali kasia lilipopata maji ilisogea. Alipita ghuba yote kwa mistari, kwenda na kurudi, kama mtu anayelima. Aliona chupa, samaki waliokufa, kandambili ya mtoto. Alinusa pia, kwa sababu ilibidi kunusa. Hakukuwa na kitu.

Aliporudi alichukua msumeno.

Walikata kitanda cha Gamaliel kwa zamu. Bati likaondoka, kingo zikaondoka, ikabaki fremu tupu. Kisha ikaonekana kwamba ekseli ya yale magurudumu ya chuma ilikuwa nene kuliko tundu la matairi ya toroli. Mayenga alitukana kwa Kisukuma. Rosalina alipima kwa jicho, akachagua kipande cha nondo kutoka kwenye kingo walizozikata, akakipenyeza. Kilipita, kwa kulegea kidogo. Wakakifunga kwenye fremu kwa vipande vya tyubu, wakavikaza kwa meno. Juu ya fremu wakaweka majani makavu ya mgomba ili chuma kisikwaruze plastiki. Akatoa upepo kwenye matairi hadi yakatanuka chini kama mguu wa ngamia, na mchanga, ambao asubuhi ulimeza kila kitu, sasa uliwabeba. Kayaki ilikwenda kwa mkono mmoja.

"Ungekuja na hiki tangu alfajiri," Mayenga akasema.

"Najua."

"Tungekuwa ghuba ya tatu sasa."

"Nimesema najua, Mayenga."

Njia ya kwenda ghuba ya pili ilipita katikati ya vibanja. Hapo alijaza matairi, kwani ardhi ya migombani, iliyotandazwa majani, hulishika tairi laini. Kigari kilikuwa kipana kuliko njia. Mara nyingi ilibidi kukiinamisha upande ili kipite kati ya migomba miwili. Kila mgomba aliougusa kwa bega aliupima bila kutaka: huu mfupi, huu mrefu, huu una unene wa mtu.

Ghuba ya pili ilikuwa ndogo, na mafunjo yalikuwa yameijaza nusu. Aliingia, akatafuta, akatoka. Hakukuwa na kitu.

Simu ililia alipokuwa anaivuta kayaki kutoka majini. Ilikuwa mama yake.

"Rosa."

"Mama."

Nyuma ya Paskazia zilisikika sauti za wanaume, na panga likigonga kitu kibichi. "Baba yako mdogo anauliza," akasema. "Wamefika kwenye migomba. Wanauliza urefu wake. Mimi nasema alikuwa mrefu kiasi, wao wanasema kiasi gani. Wewe ndiye unayejua vipimo."

Rosalina alisimama maji yakiwa magotini. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema uongo, akawataabisha wakate na kukata tena. Alijua urefu huo kwa sababu yeye ndiye aliyempima, kwa penseli, ukutani, siku Revocatus alipodai kwamba amemzidi baba.

"Mita moja na sentimita sabini na nane," akasema.

Alimsikia mama yake akirudia kwa sauti kwa wanaume, tarakimu moja moja, kama mtoto anayesoma ubaoni. Kisha Paskazia akauliza, kwa sauti ya chini ambayo wale wanaume wasingeisikia, "Bado ghuba ngapi?"

"Moja."

"Nenda, mwanangu," akasema, akakata simu.

Kati ya ghuba ya pili na ya tatu kulikuwa na mgongo wa mwamba. Kwenye picha ya setilaiti ulionekana kama mstari mwembamba wa kijivu. Kwa miguu ulikuwa ngazi zilizovunjika. Magurudumu mawili, yaliyokuwa neema mchangani, hapa yaligeuka adui. Moja likipanda jiwe jingine lilining'inia shimoni, kayaki ikalala ubavu, wakaishika isiteleze. Karibu na kilele tairi la kushoto lilikaa juu ya ncha kali ya jiwe, mzigo wote ukaegemea upande ule, na likapasuka kwa mlio uliorudi kutoka ng'ambo ya ghuba.

Rosalina alipiga magoti akautazama mpasuko. Kidole chake kiliingia chote. Aliendelea kukitia na kukitoa kidole, kana kwamba mpasuko ungepungua kwa kupimwa. Upepo wa ziwani, uliokuwa ukiwapiga usoni tangu asubuhi, ulikuwa unalegea. Alijua maana yake. Mchana ziwa huvuta kuelekea nchi kavu, usiku nchi kavu husukuma kuelekea ziwani. Kwa siku kadhaa upepo wa mchana ulikuwa mkali kiasi kwamba ule wa usiku haukuushinda, na magugu yakabaki ndani. Leo yangetoka, na vyote vilivyomo ndani yake vingetoka pamoja nayo.

"Tuibebe," Mayenga akasema.

"Mabega yako yameisha. Umejikwaa mara tatu."

"Basi tufanyeje, mwalimu? Tukae tuimbe?"

Alilitazama lile tairi zima lililobaki, na ule upenyo kati ya mawe ambapo mguu mmoja ulipita na miguu miwili haikupita. "Tulifunge katikati," akasema. "Moja, chini ya tumbo. Wewe mbele, mimi nyuma. Uzito unabebwa na tairi, sisi tunashikilia tu isianguke."

Walilifunga kwa vipande vya tyubu vilivyobaki. Na hivyo, kwa gurudumu moja, waliuvuka mwamba ambao kwa mawili uliwashinda, na wakashuka upande wa pili jua likiwa limekwisha kuegemea nyuma ya vilima. Hakuna aliyeshangilia. Ilikuwa imechukua siku nzima kupata kigari ambacho siku ile ilikihitaji.

Ghuba ya tatu ilikuwa ndefu, imeingia ndani kama koo. Mayenga alibaki mwambani. Rosalina akaingia. Mkeka wa magugu ulikuwa umeanza kuachana. Mistari myembamba ya maji meusi ilifunguka na kujifunga. Aliamua kuanza mdomoni mwa ghuba na kwenda ndani, kwa sababu magugu ya mdomoni yangetoka kwanza.

Hakwenda mbali. Aliona manjano.

Ilikuwa rangi ndogo, kona tu ya dumu, kati ya maua ya zambarau. Alipiga kasia hadi mabega yakawaka moto. Kwa sauti aliyodhani ni ya ndani alisikika akisema, "Revo, Revo, nakuja," ingawa alijua ukweli wa joto la maji na idadi ya siku, na hakuna aliyekuwa wa kujibu. Dumu lilikuwa limefungwa kwa uzi wa nyavu kwenye mkono. Mkono ulikuwa wa mtu. Aliyasukuma magugu pembeni kwa kasia.

Maji yalikuwa yamekwisha kuuharibu uso, kwa hiyo hakuutegemea uso. Alilaza kasia sambamba na mwili, kutoka utosini hadi kisiginoni. Urefu wa kasia aliujua. Mwili ulifika karibu na bapa la pili la kasia, akahesabu, akahesabu tena, akasogeza kasia kana kwamba kasia ndilo lililokosea. Mita moja na sitini, pengine na mbili. Mtu mfupi, mwenye kifua kipana, mwenye jezi ya mpira ambayo Revocatus hakuwa nayo.

Hakuwa yeye.

Alikaa hapo. Magugu yalisogea kando ya kayaki, taratibu sana, kuelekea ziwani. Mbele yake koo la ghuba liliendelea, kijani, hadi palipoanza giza la miti. Kama hesabu yake ilikuwa sahihi, na huyu mtu wa dumu alikuwa ushahidi kwamba ilikuwa sahihi, basi Revocatus naye alikuwa mle. Mwanga uliobaki ulitosha kwenda hadi mwisho na kurudi mikono mitupu. Au kumtoa huyu. Kayaki hubeba mmoja. Huyu akiachwa, kabla ya asubuhi angekuwa kwenye maji makuu, na hakuna mtu Muleba wala Bukoba aliyetangaza kupotelewa na mtu mfupi mwenye jezi ya mpira. Hakuna mahali ambapo mgomba wake ulikuwa unakatwa.

Uamuzi ule ulimchukua muda mrefu kuliko alivyopenda. Mara mbili aliligeuza kasia kuelekea ndani. Mara ya pili aliondoka kweli, akafika umbali wa jiwe lililorushwa, kisha akatazama nyuma, na manjano yalikuwa yamesogea.

Akarudi. Akaifungua kamba ya kayaki, akamfunga nayo ili amvute.

Mayenga aliingia majini hadi kifuani kumpokea. Aliutazama mwili, akaangalia mkono wenye uzi, kisha akamtazama Rosalina, na kilichokuwa usoni mwake kikazimika.

"Siye," akasema.

"Siye. Unamjua?"

Mayenga alitazama kwa muda. "Simjui. Mtu wa dagaa. Wapo wengi visiwani wa kutoka mbali, mwalimu, kama mimi. Mtu akizama wanasema kahama kisiwa." Akanawa uso kwa maji ya ziwa. "Huyu tungemtoa kesho."

"Kesho hatakuwepo."

"Na Revo?"

Walimfunga kwa turubai, wakamlaza juu ya kayaki, wakamkaza kwa kamba. Mwenyekiti wa kitongoji angearifiwa kwanza, kisha polisi. Hayo aliyasema kwa sauti, kwa mpangilio, na Mayenga aliitikia kila jambo kwa kichwa. Mzigo sasa ulikuwa mara tatu ya ule waliokuja nao, na ulikuwa umekaa nyuma. Rosalina akalegeza vipande vya tyubu, akalisogeza gurudumu hadi chini ya mahali kifua cha yule mtu kilipokuwa, akakaza upya. Akajaribu kuinua. Akalisogeza tena, kidogo.

Nyuma yao ghuba ilikuwa inafunguka. Mkeka wa magugu ulikuwa unatoka mzima mzima, bila sauti, na nafasi uliyoiacha ilikuwa nyeusi.

"Kule mwisho hujafika," Mayenga akasema.

"Sijafika."

Rosalina aliinama, akashika upande wa nyuma kwa mikono miwili.

"Inua upande wako," akasema.